Shajara ya mradi: pamba kinzani mbele ya minyoo fundo wa mpera, Misungwi

Kwa nini tumeanza upya

Mradi huu unapima ni pamba zipi zinazoweza kuwakinza minyoo fundo, minyoo wadogo wa udongoni wanaoingia mizizini na kuifanya iote mafundo. Jaribio dogo la kwanza, viriba 20 tu, lilitoa majibu matamu mno. Nasaba zote za pamba zilionekana kinzani. Hata UKM08, mbegu ambayo mkulima wa Kanda ya Ziwa anaipanda kila msimu na ambayo hakuna aliyewahi kuidai ukinzani wa minyoo, ilikuwa na mizizi safi kama iliyotoka kuoshwa.

Tatizo halikuwa pamba bali minyoo wenyewe. Mayai yalichukuliwa kwenye mizizi ya nyanya ya bustani moja ya pembeni mwa ziwa, na karibu wote walikuwa Meloidogyne javanica, spishi mojawapo ya minyoo fundo. Huyu huifundika nyanya vibaya lakini kwenye pamba hazaliani. Hata M. incognita, spishi nyingine, wana makundi: yale yanayoitwa mbari ya 3 na ya 4 ndiyo yanayokula pamba, mbari ya 1 na ya 2 huipita. Kwa hiyo ukichota minyoo kwenye nyanya bila kujua ni nani, unaweza kuitunuku nishani pamba isiyo na ukinzani wowote.

Tangu hapo kuna sheria moja: hakuna yai linaloingia kwenye kiriba cha pamba kabla kundi lake halijapimwa kwenye UKM08 peke yake na kuonyesha mafundo.

Swali lenyewe

Pamba ya Marekani ina ukinzani wa zamani na mzuri dhidi ya M. incognita. Chanzo chake ni nasaba ya Auburn 623 RNR, iliyotokana na pamba ya Clevewilt 6 na pamba pori ya Mexico, kisha ukahamishiwa kwenye nasaba kama M-120 RNR. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na maeneo mawili ya jeni: moja kwenye kromosomu ya 11, jingine ya 14. La kromosomu ya 11 hupunguza mafundo na kuwakwamisha minyoo wangali wachanga ndani ya mzizi. La 14 huja baadaye: mnyoo anaingia, anakaa, lakini mayai hayatoki au yanatoka machache.

Mgeni anayetutia wasiwasi ni Meloidogyne enterolobii, minyoo fundo wa mpera. Alielezwa 1983 kutoka kisiwa cha Hainan, China. Barani Afrika amekwisha kuripotiwa Senegal, Burkina Faso na Afrika Kusini, miongoni mwa nchi nyingine. Nchini Marekani, taarifa ya 2013 ilimweka kwenye mashamba ya pamba na soya ya North Carolina. Sifa yake mbaya ni kwamba anazaliana bila shida kwenye nyanya yenye jeni ya Mi-1, ile inayouzwa duniani kote kama nyanya kinzani.

Tunataka kuona kwa macho, kwenye joto letu na udongo wetu wa luseni (wa kichanga), jeni za kromosomu ya 11 na ya 14 kama zinafua dafu kwa mnyoo wa namna hiyo. Luseni ndiyo ardhi ya kuangalia. Mchanga wake mkubwa unampa mnyoo njia ya kutembea, na ndiko mnyauko wa fuzari unakoipiga pamba zaidi. Minyoo wakitoboa mzizi, ukungu unapata mlango. Mkulima huona mmea ulionyauka. Mafundo yako chini, hakuna anayeng'oa kuyatazama.

Wiki ya 1 na ya 2: kupata minyoo

Makundi mawili. Kundi A limetoka kwenye shamba la pamba la mchanga, mizizi ya maotea yaliyobaki bila kung'olewa. Kundi G limetoka kwenye mpera wenye mafundo makubwa, yanayoungana kama shanga zilizoyeyuka. Mpera wenye mafundo mazito kiasi hicho unatia shaka peke yake.

Kila kundi limeanzishwa kutoka kitonge kimoja cha mayai. Mzizi huoshwa, unawekwa chini ya hadubini ndogo, kitonge cha rangi ya kahawia kinachokaa juu ya fundo kinang'olewa kwa sindano na kuwekwa kwenye shimo la mche mmoja wa nyanya ya Cal J. Kitonge kimoja ni uzao wa jike mmoja, na minyoo hawa huzaa bila dume, kwa hiyo kundi linakuwa safi. Vitonge 10 kwa kila kundi, kwa sababu nusu yake havishiki. Kwa kundi G vilishika 4.

Utambuzi kwa alama za nyuma ya jike tumeuacha. Alama za enterolobii na za incognita zinafanana kiasi kwamba watu wawili wakitazama kipande kimoja hutoa majina mawili. Tunatumia PCR, kipimo kinachonakili kipande cha DNA mpaka kionekane kama mstari. Kundi A limetoa mstari kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyotafuta spishi fulani) za incognita. Kundi G limekaa kimya kwa praima za incognita na za javanica, na limetoa mstari wa karibu jozi besi 200 kwa praima za Me-F na Me-R ambazo ni za enterolobii. Hilo halitoshi kutangaza jina. DNA imepelekwa isomwe mfuatano wake, taarifa ya tahadhari imeandikwa kwa mamlaka ya afya ya mimea, na mpaka majibu yarudi kundi linaitwa G, basi.

Kundi G lina chumba chake. Mlango wa neti mbili, beseni la jiki la kukanyaga, viatu vya humo havitoki. Maji yanayochuruzika chini ya viriba hukingwa kwenye trei na kuchemshwa kabla ya kumwagwa. Mizizi iliyokwisha kuhesabiwa huchomwa. Hakuna kiriba cha G kitakachopelekwa shambani, hata kwa picha.

Wiki ya 4: udongo

Mchanganyiko: debe mbili za mchanga wa mto uliochekechwa, debe moja ya luseni. Mchanga wa ufukweni haufai, una vipande vya makombe vinavyoupandisha udongo uwe wa chokaa.

Kuua vijidudu tunatumia pipa la lita 200. Chini maji ya kina cha sentimita 15, juu yake wavu wa chuma na gunia, halafu udongo ulio na unyevu kidogo. Mfuniko wa gunia bichi. Kipimo ni kiazi mviringo kilichozikwa katikati: kikiiva, udongo nao umeiva. Kisha moto unapunguzwa na pipa linaachwa dakika 30. Usiendelee kupika saa tatu ukidhani unaongeza usafi. Udongo uliopikwa kupita kiasi huachia manganizi na miche hutoka ya njano.

Pipa la tatu lilitolewa kabla ya kiazi kuangaliwa, kwa kuwa kuni zilikwisha. Viriba 11 vya pipa hilo vilikuja kunyauka wiki ya 10, na shina lilipopasuliwa mishipa ilikuwa ya kahawia. Fuzari. Vimeondolewa vyote, hata vilivyoonekana vizima.

Wiki ya 6: joto

Hapa ndipo tungeharibu jaribio lote bila kujua.

Kipimajoto kiliingizwa sentimita 5 ndani ya kiriba cheusi kilichowekwa juu ya meza ya kitalu nyumba. Saa nane mchana, siku ya jua, kilisoma nyuzi 37. Hewa ya Mwanza saa hizo ilikuwa 29 tu. Kiriba cheusi ni jiko.

Athari ni mbili, na zinavutana pande tofauti. Kwanza, kwenye joto hilo mayai hayaanguliki vizuri na wachanga hawaingii mizizini, kwa hiyo pamba yoyote inaonekana kinzani. Pili, jeni ya Mi-1 ya nyanya huacha kufanya kazi udongo unapopita nyuzi 28 hivi. Nyanya yenye Mi-1 ikiota mafundo kwenye kitalu cha Mwanza, huwezi kupiga yowe kwamba umempata enterolobii. Huenda ni incognita wa kawaida na nyanya iliyoshindwa na joto. Makosa haya mtu huyafanya kwa nia njema kabisa.

Tulichofanya: viriba vimezikwa hadi shingo kwenye mtaro wa mchanga unaonyunyiziwa maji asubuhi, sehemu inayobaki juu imepakwa chokaa nyeupe, na neti ya kivuli ya asilimia 50 imevutwa juu kuanzia saa nne hadi saa kumi. Usomaji wa saa nane umeshuka hadi kati ya 27 na 29. Kwa pamba inatosha. Kwa nyanya ya Mi-1 haitoshi, kwa hiyo nyanya hizo zimehamishiwa ndani ya chumba chenye taa za kuoteshea, nyuzi 24 hadi 26. Huko ndiko nyanya ya Mi-1 ilibaki safi kwa kundi A na kujaa mafundo kwa kundi G. Kwa kuwa joto lilikuwa chini ya 28, matokeo haya tunayaamini.

Wiki ya 9: mbegu

Walioorodheshwa ni 12: M-120 RNR, dada zake wawili (mmoja mwenye eneo la kromosomu ya 11 pekee, mwingine wa 14 pekee), mzazi asiye na ukinzani, UKM08, UK91, na michanganyo 6 kati ya UKM08 na M-120 RNR. Mara 6 kwa kila kundi la minyoo, hivyo viriba 144. Ongeza Cal J 6 kwa kila kundi, jumla 156, na viriba 12 visivyowekwa minyoo. Nafasi za viriba zimepangwa kwa kura ndani ya kila safu, kwa sababu upande wa mlangoni hukauka haraka.

Mbegu zenye manyoya zimesafishwa kwa asidi ya salfuriki kali, mililita 100 kwa kilo, zikikorogwa kwa kijiti kwenye ndoo ya plastiki nzito mpaka zing'ae nyeusi, dakika 3 hivi. Kisha zinamwagwa zote kwa mkupuo kwenye beseni kubwa la maji mengi, zinasuuzwa mara tano na kulowekwa kwenye maji ya magadi soda kuua asidi iliyobaki. Usimwagie maji kidogo kidogo juu ya mbegu zenye asidi; itachemka na kukurukia. Zinazoelea hutupwa. Glovu ndefu, miwani, nje ya nyumba.

Mbegu mbili kwa kiriba cha lita 2, kisha mche mmoja unabakizwa. Maji ni ya bomba, yaliyolala usiku mzima kwenye tangi wazi. Maji ya ziwani hatuyatumii, yana mwani unaoziba pua za mabomba na huweza kubeba minyoo tusiowaalika.

Wiki ya 11: siku ya mayai

Miche ina jani la kweli la pili. Kiwango ni mayai 5,000 kwa mche. Viriba 78 kwa kila kundi, yaani mayai 390,000, nasi tumeandaa karibu 500,000.

Mizizi ya Cal J inasuuzwa, inakatwa vipande vya sentimita 1 na kutiwa kwenye chupa ya lita moja. Jiki yenye lebo ya 3.5% inachanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 6, ndiyo 0.5%. Mililita 300 zinamiminwa, chupa inatikiswa dakika 3. Saa inashikwa na mtu mwingine, si anayetikisa. Halafu yote yanamwagwa kwenye chekecheo la mikroni 75 lililo juu ya la mikroni 25. La juu linabaki na mizizi, la chini na mayai. Suuza mpaka harufu ya jiki iishe. Chekecheo la chini lilaze mshazari. Likikaa bapa linaziba na maji yanafurika pembeni na mayai yako yote.

Jiki iliyokaa dukani juani hupoteza nguvu. Chupa ya kwanza iliyofunguliwa haikuyeyusha utando wa vitonge, na chini ya hadubini mayai yalikuwa yameshikamana kama mayai ya chura. Kishawishi ni kuongeza dakika. Tulichofanya ni kununua chupa nyingine yenye tarehe ya karibuni, maana ukizidisha muda hujui tena umeyaua mangapi. Mayai kidogo yaliwekwa kwenye sahani ya maji kwa siku 7 kuangalia yanavyoanguliwa. Kundi ambalo haliangui linarudishwa nyuma, hata kama hesabu yake ni kubwa.

Uwekaji: mashimo matatu yenye kina cha sentimita 3 kuzunguka shina, mililita 5 zenye mayai 1,000 kwa mililita, kisha funika. Kosa la siku lilikuwa la mkono. Mayai huzama haraka, na safu mbili za kwanza za kundi A zilijazwa bila bika kukorogwa. Tulipohesabu tena kilichobaki, mililita moja ilikuwa na mayai zaidi ya 1,600, kumaanisha safu za mwanzo zilipata pungufu. Safu hizo mbili zimewekwa alama na hazitaingia kwenye wastani. Sasa bika lina kijiti cha sumaku kinachozunguka, na pipeti inachotea katikati ya kina.

Wiki ya 16: kuchungulia

Viriba viwili vya akiba kwa kila upande vimefunguliwa, siku 35 tangu kuwekewa mayai. Huu si upimaji, ni kuhakikisha mashine inawaka.

Kundi A: UKM08 ina mafundo mengi madogo ya duara. M-120 RNR ina machache ya kutafutwa. Dada wa kromosomu ya 14 pekee ana mafundo ya kutosha, lakini vitonge vya mayai vichache. Mtu anayehesabu mafundo tu angemtupa huyu kapuni, na angepoteza nusu ya ukinzani wa familia nzima. Ndiyo sababu fomu yetu ina safu mbili tofauti, na ya mayai ndiyo inayotoa hukumu.

Kundi G: UKM08 na M-120 RNR zilipolazwa kwenye trei moja, kibandiko kikifunikwa, aliyepewa kuzitenga hakuweza. Ni mizizi minne tu, haihesabiki, ila imeandikwa.

Wiki ya 20: kuvuna kundi A

Siku 60. Tungesubiri zaidi, mizizi ingeanza kuoza na vitonge kudondokea udongoni.

Utaratibu kwa kila kiriba: pasua, zamisha kwenye ndoo, tikisa taratibu, usivute. Mizizi inakaushwa kwa karatasi laini kabla ya mizani. Siku ya kwanza wawili walikuwa wakikausha kila mmoja kivyake na mizani ikatofautiana kwa mzizi uleule. Sasa anakausha mtu mmoja tu, mikandamizo mitatu, basi. Alama ya mafundo ni 0 hadi 5, ambapo 3 ni mafundo 11 hadi 30 na 5 ni zaidi ya 100. Kisha mzizi unazamishwa kwenye rangi ya floksini B, gramu 0.15 kwa lita, dakika 15. Vitonge vinakuwa vyekundu kama punje za komamanga na hata macho makavu yanaviona. Baada ya hapo mzizi mzima unakatwa na kutikiswa kwa jiki ya 1%, dakika 4. Hapa uhai wa mayai haujalishi tena, yanahesabiwa tu.

Mfano wa hesabu, kiriba cha UKM08 cha safu ya 4: wastani wa mayai 62 kwa mililita, kwenye mililita 500, ni 31,000. Gawa kwa 5,000 ya mwanzo: 6.2. Ikizidi 1, minyoo wameongezeka na pamba hiyo ni mwenyeji wao. Ikishuka chini ya 1 tunaiita kinzani, kwa sharti kwamba UKM08 na Cal J za safu hiyohiyo zimepita 1. Safu ambayo Cal J yake imeshindwa kuzalisha inafutwa yote, na tayari imefutwa moja: bomba la matone liliziba na udongo ulikauka siku nne kabla hatujagundua.

Mayai pia yanaandikwa kwa gramu ya mzizi. Michanganyo miwili ina mizizi midogo sana, na mzizi mdogo hubeba mayai machache bila kuwa na ukinzani wowote.

Wiki ya 21: yaliyoko mezani

Kundi G linavunwa Jumatatu, ndani ya chumba chake, na maji yote ya kuoshea mizizi yanaingia pipani kwenda kuchemshwa. Kuni za mapipa mawili zimeagizwa. Kuna jambo moja la kurekebisha kabla ya siku hiyo: chekecheo la mikroni 25 limechanika uzi mmoja pembeni, upana wa ukucha, na majaribio ya maji ya rangi yameonyesha linavujisha. La kundi A haliwezi kuazimwa kwa G. Jipya likichelewa, mavuno yatasogezwa siku mbili, na viriba vyote 78 vitasogezwa pamoja, si nusu leo na nusu kesho.